Windows, Mac, Linux: Nini Hasa Huiangusha Kompyuta?

Waweke mafundi watatu wa kompyuta kwenye meza moja, wa Windows, wa Mac na wa Linux, kisha uwaulize ipi haisumbui. Hutapata jibu, utapata ugomvi. Wa Linux atakueleza habari za seva yake iliyokaa miaka miwili bila kuzimwa. Wa Mac atasema hajui hata kirusi kinafananaje. Wa Windows atawauliza wenzake ile programu ya uhasibu ya ofisini wataiendesha kwenye nini. Ubishi huu sasa una zaidi ya miaka 30 na umejaa ushabiki wa Simba na Yanga: mtu huchagua upande mapema, mara nyingi kwa sababu ya kompyuta ya kwanza aliyoikuta nyumbani au kazini, na kuanzia hapo kasoro ya upande wa pili ni ushahidi, ya upande wake ni bahati mbaya.

Ningeuacha ubishi huo uendelee kama usingekuwa na gharama. Shule, zahanati na ofisi hununua kompyuta kwa kuwasikiliza mashabiki. Nao mashabiki hulijibu swali ambalo limeshapimwa na watafiti kwa zaidi ya miaka 30, na vipimo hivyo havimpi ushindi yeyote kati yao. Vinachoonyesha ni kwamba kompyuta haihukumiwi kwa jina la mfumo wake endeshi. Huhukumiwa kwa mambo mawili: kosa dogo likitokea ndani yake linaruhusiwa kufika wapi, na nani yuko tayari kulirekebisha.

Chukua kisa cha USS Yorktown, meli ya kivita ya Marekani. Jeshi la wanamaji lilikuwa limeiteua kuwa meli ya majaribio, likaweka humo kompyuta zenye Windows NT 4.0 zifanye kazi zilizokuwa za mabaharia wengi. Septemba 1997, ikiwa nje ya pwani ya Virginia, baharia mmoja aliingiza sifuri kwenye kisanduku cha hifadhidata. Programu ikajaribu kugawanya namba kwa sifuri, ikashindwa, na hitilafu ikasambaa katika mtandao wa meli mpaka mfumo wa kuendesha injini ukasimama. Meli ikakaa baharini kwa takribani saa 2 na dakika 45 bila uwezo wa kwenda popote.

Habari zilipotoka mwaka uliofuata, mashabiki wa Unix, ukoo wa mifumo ambao Linux inaufuata, walizipokea kwa shangwe, na hadi leo kisa hicho hutajwa kuthibitisha ubovu wa Windows. Lakini kugawanya kwa sifuri lilikuwa kosa la programu iliyoandikwa kwa ajili ya meli, programu ambayo haikukagua kilichoingizwa. Ingeweza kuanguka vilevile juu ya mfumo wowote. Swali zito, ambalo pande zote mbili zililiruka, ni hili: iliwezekanaje sifuri moja kwenye fomu ifike hadi kwenye injini? Kati ya kisanduku kile na injini palipaswa kuwa na ukuta, na ukuta haukuwepo.

Habari ya kuta ndiyo historia yote ya uimara wa kompyuta. Mac za zamani, mpaka toleo la 9 la mfumo wake, ziliziacha programu zote zitumie kumbukumbu moja bila kizuizi. Moja ikichafua sehemu isiyo yake, inaondoka na wenzake, na mtumiaji anabaki anatazama picha ndogo ya bomu kwenye skrini. Windows 95 na 98 zilikuwa na kuta, ila zenye matundu mengi, kwa sababu zilitakiwa ziendelee kuendesha programu za zamani za DOS. Zilikuwa pia na kasoro moja ya ajabu: kompyuta iliyowashwa bila kupumzika kwa siku 49 na saa 17 hivi iliweza kuganda, maana kihesabu cha milisekunde kilijaa na kuanza upya. Kasoro hiyo ilichukua miaka kadhaa kujulikana, na si vigumu kuelewa kwa nini: ni wachache waliofikisha siku hizo bila kompyuta kuanguka kwa sababu nyingine kwanza.

Kwa miaka hiyo, watu wa Unix walikuwa na haki ya kujisifu. Mfumo wao ulikulia kwenye kompyuta zilizotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuta zilikuwa za lazima tangu miaka ya 1970. Microsoft iliwafuata kwa Windows NT mwaka 1993, na watu wa kawaida nyumbani walizipata kuta hizo kwa Windows XP mwaka 2001. Apple ilishindwa kuutengeneza upya mfumo wake yenyewe, ikainunua kampuni ya NeXT, na mwaka huohuo wa 2001 ikatoa Mac OS X, ambayo msingi wake ni wa ukoo wa Unix. Anayezikumbuka Mac za miaka ya 1990 na anayeijua Mac ya leo wanazungumzia vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Aliyelipima jambo hili bila kushabikia ni Barton Miller, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Usiku mmoja wa mwaka 1988 alikuwa nyumbani kwake Madison, ameunganisha kompyuta yake na ya chuo kwa laini ya simu. Mvua ilikuwa inanyesha kwa radi, na laini ikawa inapenyeza herufi za ovyo katikati ya amri alizokuwa anaandika. Herufi hizo hazikumshangaza. Kilichomshangaza ni kuona programu za Unix, zinazosifiwa kwa ugumu, zikianguka kwa sababu ya herufi hizo. Akawapa wanafunzi wake kazi: waandike programu ya kumwaga herufi ovyoovyo, wazilishe programu nyingine wanazozifikia, waone zipi zitasimama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika programu karibu 90 walizozijaribu, kati ya robo na theluthi zilianguka au kuganda.

Walirudia mwaka 1995. Unix za kampuni kubwa, zilizouzwa kwa pesa nyingi, bado zilianguka kwa kati ya asilimia 15 na 43, kutegemea mtengenezaji. Programu za Linux, nyingi zikiwa kazi ya watu wa kujitolea, zilianguka kwa asilimia 9. Zile za GNU, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Richard Stallman, kwa asilimia 6. Shabiki wa programu huria angeweza kulifunga daftari hapo, lakini Miller hakulifunga. Mwaka 2000 alizigeukia programu za Windows NT: kwa kubonyezewa vitufe na kusogezewa kipanya ovyoovyo tu, asilimia 21 zilianguka na asilimia 24 nyingine ziliganda. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Mac OS X. Programu 135 za mstari wa amri zilifeli kwa asilimia 7 tu. Lakini katika programu 30 za madirisha, zile ambazo mtu wa kawaida huzitumia, ni 8 tu zilizosalimika.

Tua kidogo kwenye namba hizo za Mac. Mfumo endeshi ni uleule, watafiti ni walewale, na bado kundi moja linafeli kwa asilimia 7 na jingine kwa zaidi ya asilimia 70. Jina la mfumo haliwezi kuieleza tofauti hiyo. Inayoieleza ni umri na macho: programu za mstari wa amri zilikuwa zimesomwa, zimejaribiwa na kuzibwa viraka na watu wengi kwa miaka mingi, kumbe za madirisha zilikuwa changa na ngumu zaidi kuzijaribu. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye maana kuliko vyote katika ubishi huu, na sijawahi kumsikia shabiki akikitaja.

Programu ikianguka peke yake, hasara ni ndogo: unaifungua tena. Balaa huanza kwenye kiini, ile sehemu ya mfumo endeshi inayoshika kumbukumbu, diski na kila kifaa. Ndani ya kiini hakuna kuta. Kosa moja humo huzima kompyuta nzima. Na humo ndani hawaishi watu wa Microsoft au wa Linux peke yao, maana kila kifaa, kuanzia printa hadi kadi ya picha, huja na draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, mara nyingi iliyoandikwa na kampuni iliyokitengeneza, na draiva nyingi huingia hadi kwenye kiini. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikichambua kiini cha Linux wakakuta kiwango cha makosa ndani ya draiva ni mara 3 hadi 7 ya sehemu nyingine. Miaka miwili baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba asilimia 85 ya maanguko ya Windows XP yaliyoripotiwa yalisababishwa na draiva. Vista ilipotoka mwaka 2007 ikatukanwa dunia nzima. Nyaraka zilizofika mahakamani baadaye zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya maanguko yake yaliyorekodiwa yalihusishwa na draiva za Nvidia, kampuni ya kadi za picha, peke yake. Kambi mbili zinazotukanana, na kidonda ni kimoja.

Hapo ndipo Apple inapostahili sifa yake. Inatengeneza kompyuta na mfumo pamoja, vifaa vyake ni vichache na inavijua, na mwaka 2019 ilianza kuzitoa kampuni za nje kwenye kiini. Mac ikitulia kuliko Windows, sababu kubwa ni hiyo. Gharama ya utulivu huo mtumiaji anaijua: unanunua walichokubali kukuuzia, na kikiharibika si kila fundi anayeweza kukigusa.

Aliyekuwa na shaka kuhusu hatari ya kiini kisicho na kuta aliiona tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake kwenye kompyuta za Windows za wateja wake, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Programu ilitarajia visehemu 21 vya taarifa, ikapewa 20. Ilipokwenda kusoma cha 21 ikagusa kumbukumbu isiyokuwa yake, na kwa kuwa ilikuwa inaishi ndani ya kiini, kompyuta zikaanguka na skrini ya buluu. Sasisho liliondolewa saa 2:27. Dakika 78 zilitosha kuangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft: za viwanja vya ndege, hospitali, benki na vituo vya televisheni.

Kuzirudisha ndiko kulikokuwa kazi. Kompyuta iliyokuwa inaanguka kila inapowaka haikuweza kupokea sasisho la kuiponya, kwa hiyo mara nyingi fundi alilazimika kwenda kwenye mashine yenyewe, aiwashe katika hali salama, atafute faili moja, alifute, aiwashe upya, ahamie inayofuata. Diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji, alitakiwa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48, na kuna ofisi ambazo funguo hizo zilihifadhiwa kwenye seva ambayo nayo ilikuwa imeanguka. Mashabiki wa Linux walicheka siku hiyo. Hawakupaswa. Miezi michache nyuma, programu ya kampuni hiyohiyo ilikuwa imeripotiwa kuangusha baadhi ya seva za Linux.

Ubishi uliokuwa wa maana kuhusu kiini ulitokea mapema sana, na haukuwa kati ya kambi na kambi. Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, alimwambia hadharani Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 22, kwamba Linux imepitwa na wakati kwa sababu inajaza kila kitu ndani ya kiini kimoja. Tanenbaum alitaka kiini kiwe kidogo kabisa, draiva zikae nje, ili moja ikianguka iwashwe upya bila mtumiaji hata kujua. Torvalds alijibu kwa ukali kwamba kinachofanya kazi leo ni bora kuliko kinachopendeza kwenye karatasi. Soko lilimpa Torvalds ushindi: kiini chake kiko ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kimekuwa kwenye kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani. Hata hivyo, Microsoft ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba itaziwezesha kampuni za usalama kufanya kazi nje ya kiini, ilikuwa inaelekea kule alikoelekeza Tanenbaum. Profesa alishindwa ubishi, lakini hoja yake ilibaki nzima.

Kuna sababu moja ya maanguko ambayo mashabiki hawaitaji kabisa, kwa kuwa haina upande: chuma chenyewe. Watafiti wa Microsoft walitoa mwaka 2011 uchambuzi wa kompyuta karibu milioni moja za watu wa kawaida. Kati ya zilizokuwa zimetumika vya kutosha, moja katika kila 190 hivi ilianguka ndani ya miezi minane kwa hitilafu ya prosesa. Na iliyoanguka mara moja ilikuwa na uwezekano wa takribani moja kwa tatu wa kuanguka tena. Kompyuta yenye kidonda cha chuma huendelea kuanguka hata ukibadilisha mfumo mara kumi.

Fundi yeyote wa mjini anakijua kisa hiki kwa mikono. Mteja analeta kompyuta, anasema Windows imekufa, anataka apigiwe upya. Fundi mzoefu haanzi na Windows. Anafungua kasha, anapuliza vumbi lililoganda kwenye feni, anachomoa kadi ya kumbukumbu, anasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, anairudisha mpaka isikike imebana, anawasha. Kompyuta inawaka na kila kitu cha mteja kipo. Fundi mwenye haraka angepiga Windows, angelipwa, mafaili yangepotea, na wiki ya pili mashine ingerudi na ugonjwa uleule. Ongeza umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na joto la pwani, utaelewa kwamba lawama nyingi tunazozitupia Microsoft zingepaswa kwenda kwenye soketi ya ukutani.

Je, ushindani wenyewe ni upuuzi? Hapana. Bila aibu ya Windows 98, iliyoanguka jukwaani Chicago Aprili 1998 mbele ya Bill Gates pale msaidizi wake alipochomeka skana, na bila wateja kuanza kuihamia Linux kwenye seva, sidhani kama Gates angeandika ule waraka wa Januari 2002 uliowaagiza wafanyakazi wake watangulize usalama na uthabiti kabla ya vipengele vipya. Kampuni hurekebisha inapoogopa kupoteza wateja. Ushindani wa watengenezaji umetufaa sana. Kinachotuumiza ni ushabiki wa watumiaji, ambao humsamehe mtengenezaji kabla hajaomba radhi. Agosti 1997 Steve Jobs alipotangaza mbele ya mashabiki wa Apple kwamba Microsoft itawekeza dola milioni 150 kwenye kampuni yao iliyokuwa taabani, walizomea. Walikuwa wanazomea kuokolewa.

Kambi zenyewe zimeshaingiliana kuliko mashabiki wanavyodhani. Steve Ballmer wa Microsoft aliifananisha Linux na saratani mwaka 2001. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo ilijiunga na taasisi inayosimamia maendeleo ya Linux. Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya Linux kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengi tungepuuza. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, akakuta mlango wa siri uliowekwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujijengea uaminifu kwa msimamizi wa mradi. Mlango huo ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Linux kadhaa na ulikuwa njiani kuelekea kwenye seva za dunia nzima. Programu hiyo ya kutegemewa kiasi hicho ilikuwa ikitunzwa kwa muda mrefu na mtu mmoja, kwa kujitolea.

Kwa hiyo narudi kwa anayenunua, awe mkuu wa shule, katibu wa ushirika au mwenye duka la stesheneri. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivamia kompyuta za hospitali Uingereza na za maelfu ya ofisi duniani, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeshaitoa miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao kwao hakuna mtu mwenye jukumu la kuweka masasisho. Kwetu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Windows nyingi hupigwa kwa nakala zisizo na leseni, na fundi huzima masasisho makusudi ili nakala isigunduliwe. Kompyuta ya namna hiyo haiwezi kuwa imara, na Windows haina kosa hapo.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi kuukuu zinazouzwa madukani kwetu hazina. Usiuziwe moja ya hizo kwa kuambiwa inayo Windows. Muulize muuzaji masasisho yake yanaisha lini. Kama yameisha na kazi zako ni barua, intaneti na mahesabu ya kawaida, weka Linux, itakuhudumia miaka mingi. Kama programu unayoitegemea ni ya Windows peke yake, nunua leseni halali na mashine inayoimudu. Kama una pesa ya Mac, nunua Mac, ila hakikisha mjini kwako yupo wa kuitengeneza. Na vyovyote utakavyochagua, mpe mtu mmoja kwa jina kazi ya kuweka masasisho na bakapu kila wiki, umlipe, na mwezi huu umwambie akuonyeshe faili moja alilolirudisha kutoka kwenye hiyo bakapu.